Umeacha vidonge vya majira, siku zako hazijarudi: maswali ya kina mama wa Kigoma

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni uzazi wa mpango. Swali hili huletwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mtu akiwa tayari ameshika mlango kutoka. Mama anayeanika dagaa Kibirizi aliniuliza hivi karibuni, na kila alichouliza nimeshakisikia kwa wengine wengi, kwa hiyo namjibu yeye na wote wenye hofu kama yake.

Nilimeza vidonge miaka minne. Tumeviacha tunatafuta mtoto wa tatu. Huu ni mwezi wa tatu sijaona siku zangu, na jirani anasema damu imeganda tumboni. Ni kweli?

Hapana, dada yangu. Kama hedhi haijatoka kwa sababu homoni bado hazijaamka, hakuna damu iliyojificha mahali ikisubiri kutoka.

Kila mwezi ubongo hutuma homoni za kuziamsha ovari. Ovari hukuza yai, na homoni zake huujenga utando ndani ya mfuko wa uzazi. Mimba isipoingia, utando ule hubomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Vidonge vya majira huunyamazisha ubongo: yai halikui, na utando hubaki mwembamba.

Utaniuliza, mbona nilikuwa naona damu kila mwezi nikiwa navimeza? Angalia ile pakiti ya vidonge 28. Vile 21 vya mwanzo vina homoni. Saba vya kahawia mwishoni ni madini ya chuma tu. Ukiwa kwenye vile saba homoni inakatika, na ule utando mwembamba unadondoka kidogo. Ilikuwa damu ya vidonge, haikutokana na yai kukomaa. Sasa mwili wako unaanza tena kazi ambayo ilisimama kwa miaka minne. Wengine huanza mwezi uleule, wengine huchukua miezi miwili au mitatu.

Nisubiri mpaka lini?

Kabla ya kuhesabu miezi, pima mimba. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu wengi wanaamini kwamba bila kuona siku zako huwezi kushika mimba. Yai hutoka kwanza, na damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Yai la kwanza baada ya kuacha vidonge likikutana na mbegu, damu haiji kabisa. Mwanamke anakaa anasubiri siku zake kumbe ana mimba ya miezi mitatu, na kliniki hajaanza.

Kipimo cha mkojo kipo duka la dawa na kwenye vituo vya afya. Tumia mkojo wa asubuhi. Kikionyesha hakuna, rudia baada ya wiki moja. Kikiendelea kusema hakuna na miezi mitatu imetimia, nenda kliniki. Wewe umeshafika hapo, usingoje zaidi.

Huku ziwani tunahesabu kwa mwezi wa angani, tangu wavuvi walipopumzika kwa mbalamwezi hadi mbalamwezi nyingine. Hesabu hiyo inakaribia, lakini usiifanye sheria. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Andika tarehe kwenye daftari, utaulizwa.

Mama mkwe ameniletea dawa ya mizizi ya kusafisha kizazi. Ninywe?

Mpokee kwa heshima, mwambie shikamoo na ahsante, kisha iweke pembeni. Baadhi ya dawa hizi huukaza mfuko wa uzazi. Kama mimba imo na hujui, unaweza kuipoteza mimba ileile unayoitafuta, na kutoka damu nyingi. Nasema hivi bila kumdharau mzazi: anataka mjukuu, kama wewe unavyotaka mtoto.

Kama si mimba, ni nini?

Swali la kwanza nitakalokuuliza: kabla ya kuanza vidonge, siku zako zilikuwaje? Vidonge huleta damu kwa ratiba, hivyo hufunika tatizo lililokuwepo. Mwanamke ambaye tangu usichana aliona hedhi baada ya miezi miwili au mitatu, ana chunusi nyingi na nywele za kidevuni, huenda ovari zake zina vifuko vingi vidogo na homoni zimepishana. Akiacha vidonge hali yake ya zamani inarudi, na vidonge vinalaumiwa bure.

Njaa na wasiwasi pia huzima hedhi. Ziwa linapofungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2024 kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kipato hukatika na chakula hupungua. Mwanamke aliyekonda sana ubongo wake unaona huu si wakati wa kubeba mimba. Sababu nyingine ni kunyonyesha, ugonjwa wa tezi ya shingo, maziwa kutoka kwenye matiti bila kunyonyesha, makovu baada ya kusafishwa kizazi, au ovari kuchoka kabla ya miaka 40.

Shoga yangu alikuwa anachoma sindano. Naye ni hivyohivyo?

Sindano ya miezi mitatu huchelewesha zaidi. Hedhi na mimba vinaweza kuchukua hata mwaka kurudi. Aliyetoa kijiti au kitanzi hurudi haraka.

Basi vidonge havijaniharibia kizazi?

Havijakuharibia. Havizibi mirija wala havimalizi mayai. Na kwa kuwa unatafuta mtoto, anza sasa kumeza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Inamlinda mtoto uti wa mgongo tangu wiki za mwanzo kabisa.

Nikienda watanifanya nini?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Watakuuliza historia, watakupima uzito, presha na mkojo. Ikihitajika utatumwa hospitali ya wilaya, au Maweni hapa mjini, kwa kipimo cha damu na utrasaundi. Mume wako akitaka kufuatana nawe, aje. Mtoto anatafutwa na wawili.

Jambo moja halingoji miezi mitatu. Hujaona siku zako, kisha yanakuja maumivu makali chini ya kitovu, hasa upande mmoja, au kizunguzungu na kutaka kuzimia, au damu: huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija unapasuka. Ukiwa Buhingu au Kalya, ambako wengi husafiri kwa boti, amsha watu usiku huohuo mtafute chombo cha kukufikisha hospitali. Usilale ukingoja boti ya asubuhi.