Nyota (`*`) na mkwaju (`/`) si mapambo: dhana potofu kuhusu saini za fanksheni

Dhana: Kila alama iliyo kwenye saini huandikwa kama ilivyo.
Saini ni mstari unaoonyesha jina la fanksheni na vigezo vyake, yaani thamani inazopokea. Kwa miaka mingi nyaraka za Python, lugha ya programu, zimeonyesha `range(start, stop[, step])`. Mgeni huandika `range(1, 10, [2])`, kisha anakaripiwa kwa `TypeError`, yaani kosa la aina ya thamani. Mabano mraba hapo yanasema tu kwamba `step` ni hiari. Andika `range(1, 10, 2)`, basi.

Dhana: Nyota na mkwaju unaweza kuviruka.
Hapa ndipo wengi huumia. Tazama `sorted(iterable, /, *, key=None, reverse=False)`. Kilicho kushoto kwa mkwaju hupokelewa kwa nafasi yake tu; ukiandika `sorted(iterable=namba)` utakataliwa. Kilicho kulia kwa nyota lazima kitajwe kwa jina. Kwa hiyo `sorted(namba, None, True)` ni kosa, ila `sorted(namba, reverse=True)` inapita bila shida. Na ile `=None` ni thamani itakayotumika usipotaja yako. Kwa maoni yangu nyota hii ni ya msaada mkubwa: anayesoma `True` iliyotupwa peke yake atajuaje inageuza nini? Ila usiichanganye na nyota iliyoshikana na jina, kama katika `print(*objects, sep=' ')`. Hiyo hukusanya vitu vingi upendavyo.

Dhana: Aina ya thamani (kama `int`, namba kamili) ikitajwa, Python itailinda.
Haiilindi. Ukitunga `def jumlisha(a: int, b: int) -> int` inayorudisha `a + b`, kisha ukaita `jumlisha("2", "3")`, utapata `"23"` bila onyo lolote. Ukaguzi huo ni kazi ya zana nyingine, kama mypy. Java, lugha nyingine ya programu, ni mkali zaidi: kompaila (programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) hukataa mapema.

Dhana: Aina inayorudishwa ni sehemu ya saini.
Katika Java, hapana. Saini ni jina na aina za vigezo. Methodi (fanksheni za ndani ya klasi) mbili zinazotofautiana kwa kinachorudishwa tu haziwezi kukaa katika klasi moja.

Dhana: Ukishasoma saini, maelezo ya chini hayana haja.
`substring(int beginIndex, int endIndex)` ya Java, inayokata kipande cha neno, haikwambii kama herufi iliyo kwenye `endIndex` imo. Haimo: `"kitabu".substring(0, 3)` hutoa `"kit"`. Vivyo hivyo `sort(*, key=None, reverse=False)` ya orodha za Python haionyeshi kwamba hupanga orodha ileile na kurudisha `None`. Anayeandika `majina = majina.sort()` hubaki na `None` mkononi, na kosa hulipuka mistari kadhaa mbele, mbali na lilikozaliwa.