Kilo za mwaloni: kwanini tunaomba kupima samaki wako kabla hawajapanda gari

Wavuvi wengi Ziwa Victoria wakimwona mtu kasimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na mizani na daftari wanajua moja kwa moja huyo kaja kwa ajili ya ushuru, na mtu akishawaza hivyo basi hesabu atakayokupa sio yenyewe, kilo 60 zinatajwa 35, wengine wanaenda kushusha pembeni kabisa au wanauza hukohuko ziwani kwa boti za wakusanyaji. Siwalaumu. Sehemu nyingi daftari la takwimu na la ushuru limekuwa likishikwa na mtu yuleyule, na mimi kwa maoni yangu hilo ndo kosa kubwa kuliko hata mizani mbovu. Takwimu za mavuno, hizi tunazokusanya sisi, hazihitaji jina lako wala namba yako ya simu. Zinahitaji aina ya samaki, kilo, aina ya chombo na zana, na muda uliokaa majini.

Sasa kwanini tusiishie kwenye kilo tu, mpaka tuulize una nyavu ngapi, una mashine au unapiga kasia, umetoka saa ngapi? Chukua mfano huu (namba ni za mfano tu). Mwalo una mitumbwi 100, kila mmoja unaleta wastani wa kilo 40 za sangara, jumla kilo 4,000 kwa siku. Miaka inapita, mitumbwi inafika 160, kila mmoja unaleta kilo 25, jumla bado ni kilo 4,000. Anayeangalia jumla peke yake atasema ziwa liko salama, samaki ni walewale. Lakini mwenye mtumbwi anajua anachoma petroli ileile au zaidi na anarudi na samaki pungufu, na wale vijana wanaolipwa kwa mgao baada ya kutoa gharama za safari ndo wanaumia kwanza kabisa. Kwahiyo kwetu sisi namba yenye maana ni kilo kwa mtumbwi kwa siku. Ile ikianza kushuka tunajua kuna shida hata kama soko bado limejaa.

Na ziwa hili ni la nchi tatu, Tanzania ina kama asilimia 51 ya maji yake, Uganda 43, Kenya 6, na sangara hajui mpaka. Ndo maana mwaka 1994 nchi hizi zilianzisha taasisi ya pamoja ya uvuvi yenye makao yake Jinja, Uganda, na moja ya kazi zake ni kuhakikisha tunapima kwa utaratibu mmoja, maana kama huku tunaandika samaki mzima na kule wanaandika aliyepasuliwa utumbo, ukijumlisha unapata namba isiyo na kichwa wala miguu.

Hapo kwenye kupasua ndo pana shida siku hizi kwa sababu ya bondo, kile kifuko cha hewa kilichoko tumboni mwa samaki. Bondo la sangara lina soko kubwa China na bei yake kwa kilo inaiacha mbali bei ya samaki mwenyewe, hivyo mara nyingi linatolewa mapema na linauzwa njia yake. Samaki anapofika kwenye mizani uzito umeshapungua na hakuna alipoandikwa. Tunachoomba ni rahisi, kama umeshapasua sema umepasua, tuandike hivyo. Kwenye sangara tunapima na urefu pia, maana kilo 40 za samaki wanne wakubwa na kilo 40 za wadogo wa chini ya sentimita 50 ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mustakabali wa ziwa hata kama mizani inasoma sawa.

Dagaa nao wana tabu yao. Hakuna anayepima dagaa wote, wanahesabiwa kwa ndoo au beseni, na ndoo ya mwalo huu sio ndoo ya mwalo ule, kuna ya kusawazisha na ya kujaza mpaka kichuguu. Tunachofanya tunapima ndoo kadhaa za chombo hicho, tunatafuta wastani, afu tunazidisha kwa idadi ya ndoo. Lakini lazima tuchote kidogo kutoka ndoo tofauti na kuchambua, maana ndani mna furu (samaki wengine wadogo wa ziwa hili) na vitoto vya sangara, na tukiandika zote dagaa tunadanganya hesabu za aina tatu kwa mpigo. Pia tunauliza kama ni wabichi au wamekauka, kwasababu gunia la dagaa wakavu unaloliona soko la Kirumba, Mwanza, limetokana na dagaa wabichi wenye uzito mara kadhaa ya lile.

Afu kuna mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa vizuri na vyombo vingi vinapumzika. Mwandishi wa takwimu akija siku za giza tu, zile ambazo mwalo umejaa, akazidisha mara siku 30, anatengeneza samaki ambao hawajawahi kuvuliwa. Kwahiyo siku ambayo hujatoka ni takwimu, na siku umetoka ukarudi na sifuri ni takwimu muhimu sana, tafadhali msione aibu kutuambia, sifuri yako ina kazi.

Tuje kwenye mizani yenyewe. Ile ya springi ya kuning'iniza inachoka, inashika kutu, na mwaloni inakaa kwenye maji na jua mwaka mzima. Kabla ya kupima hakikisha mshale uko kwenye sifuri, pima tenga tupu na uondoe uzito wake. Ukiwa na wasiwasi chukua chupa 12 za maji ambazo hazijafunguliwa, za lita moja na nusu, zifunge pamoja utundike, lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo inatakiwa isome kilo 18 na kidogo cha plastiki. Ikisoma 15 simamisha biashara hapohapo uite BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), na wao wawaite Wakala wa Vipimo, ambao ndo wenye mamlaka ya kuikagua na kuibandika stika. Angalia na stika ni ya mwaka gani.

Na hili la kuangalia mizani mara kwa mara sio uonevu kwa wadogo. Kule Alaska, meli kubwa zinazochakata samaki hukohuko baharini zina mizani inayopima mzigo ukiwa unapita kwenye mkanda, na sheria inawataka waijaribu kila siku, ikikosea zaidi ya asilimia 3 haitumiki mpaka irekebishwe. Kama tajiri wa meli anajaribu yake kila siku, mnunuzi wa mwaloni ajaribu yake walau kila wiki, mbele ya wavuvi. Na kama anakata kilo za barafu au maji, zikatwe baada ya uzito kamili kuandikwa, kila mtu anaona kilichokatwa.

Ombi langu kwa viongozi wa BMU, daftari la takwimu apewe mtu mwingine asiyegusa ushuru, na mwezi ukiisha bandikeni pale mwaloni wastani wa kilo kwa mtumbwi, mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana, kwa namba kubwa zinazosomeka. Wavuvi wametoa hizo namba wenyewe, wana haki ya kuziona kabla hazijafika ofisini kwetu.