Nakala mbili za santuri moja, na sauti iliyo karibu na lebo

Jumamosi iliyopita papa mmoja, mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, aliingia kwenye karakana yangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, akiwa na mfuko wa plastiki kifuani. Ndani mlikuwa na nakala mbili za The Dark Side of the Moon, albamu ya bendi ya roki ya Uingereza Pink Floyd. Ya kwanza, chapa ya Uingereza, aliinunua mwenyewe Ubelgiji alipopelekwa mafunzoni miaka ya 1970. Ya pili ni toleo jipya la 2016 ambalo binti yake amemtumia, lenye kibandiko kinachojivunia gramu 180.

“Fundi,” akasema, “mtoto amelipa pesa nyingi. Niambie ukweli, ipi inalia vizuri?”

Swali hilo huniletea raha, maana watu wengi hulijibu kwa kusoma kibandiko. Gramu 180 ni uzito wa plastiki, basi. Santuri za kawaida za zamani zilikuwa na gramu 120 hadi 140, na mfuo, ule mfereji mwembamba unaobeba muziki, ni uleule. Santuri nzito huenda isijikunje haraka, lakini haiongezi besi wala haisafishi gitaa. Linalobadilisha sauti ni tepu ya kurekodia iliyotumika, mtu aliyechonga mfuo kwenye sahani ya kwanza inayotoa nakala zote, na hali ya santuri yenyewe leo.

Aliyeichonga huwa ameacha alama. Inamisha santuri chini ya taa, utazame ule ukanda mtupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hapo pana herufi na namba zilizokwaruzwa kwa mkono au kupigwa mhuri. Kwenye nakala ya papa nilisoma HTM, yaani Harry Moss, mchongaji wa kampuni ya muziki ya EMI, kulekule kwenye studio za Abbey Road, London, albamu iliporekodiwa. Toleo la 2016 lilitengenezwa na James Guthrie, Joel Plante na Bernie Grundman. Hawa ni watu wengine, wenye mashine nyingine na masikio mengine, na tepu nayo ilikuwa imezeeka kwa zaidi ya miaka 40.

Mkono wa mchongaji una uzito gani? Chukua Led Zeppelin II, albamu ya 1969 ya bendi ya roki Led Zeppelin. Robert Ludwig aliichonga kwa nguvu kiasi kwamba sindano iliruka kwenye mashine hafifu. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa mojawapo ilikuwa ya binti wa Ahmet Ertegun, mkubwa wa Atlantic, kampuni iliyoitoa. Kampuni ikaagiza ichongwe upya kwa upole. Leo wakusanyaji wanazisaka zile za mwanzo zenye herufi RL kama almasi, ingawa muziki ni uleule na jalada ni lilelile.

Basi tukaanza kazi. Kwanza nilisawazisha ukubwa wa sauti, na hapa siwezi kumwonea mtu haya: ukilinganisha nakala mbili bila kufanya hivyo, hujalinganisha kitu. Sikio hupenda inayolia kwa nguvu zaidi hata kama tofauti ni desibeli moja tu, na mwenye sikio hajui kwamba ndicho kilichomvuta. Niliweka simu yenye programu ya kupima desibeli mahali palepale kwenye kiti, nikapiga kipande kilekile cha “Time” kwenye nakala zote mbili, nikarekebisha amplifaya mpaka namba zikalingana.

Pili, umeme. Asubuhi ile mtaa ulikuwa gizani, na jirani alikuwa tayari kutuvutia waya kutoka jenereta yake. Nikakataa, tukasubiri. Mashine yangu ni ya zamani, mota yake hufuata mapigo ya umeme. Ikitegemea Hertzi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, halafu jenereta ikashuka hadi 48, santuri inazunguka polepole kwa asilimia 4, na wimbo mzima unashuka kwa zaidi ya theluthi moja ya toni. Nimewahi kusikia mtu akilaani toleo jipya kuwa “limekufa” kumbe jenereta ndiyo iliyokuwa imechoka.

Tatu, vumbi. Huku kwetu vumbi jekundu la kiangazi hupenya hadi ndani ya jalada. Nilizisafisha zote mbili, hata ile mpya, kwa maji yaliyochujwa na brashi laini, zikakauka zenyewe kivulini.

Tulianza na yale mapigo ya moyo ya mwanzo. Ni sehemu tulivu sana, kwa hiyo kila kasoro ya plastiki inasikika. Hapa mpya ilishinda waziwazi: kimya chake ni kimya kweli, ile ya zamani inatoa mchakacho kama mafuta kwenye kikaango. Lakini zilipolia zile saa za “Time”, ambazo Alan Parsons, fundi sauti wa albamu, alizirekodi moja moja, ya zamani ilizitandaza sebule nzima. Ungeweza kunyoosha kidole: hii iko kushoto nyuma, ile iko mbele. Kwenye mpya zilikuwa safi, lakini zimekaribiana zaidi. Papa akatikisa kichwa, hakusema kitu.

Jaribio kubwa liko mwisho wa upande wa kwanza. “The Great Gig in the Sky”, ile sauti ya Clare Torry isiyo na maneno, imechongwa karibu kabisa na lebo, na hapo ndipo santuri yoyote inateseka. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini duara linazidi kuwa dogo. Ukingoni nje, mfuo unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde; karibu na lebo ni 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na sauti kali za juu ndizo zinazoumia kwanza.

Kwenye mpya, Torry alipanda mpaka juu bila kukwaruza. Kwenye ya zamani, kila alipofungua koo sauti ilipasuka kama karatasi. Papa akainamisha uso. “Basi yangu imekufa,” akasema.

Sikukubali. Sauti ya namna ile mara nyingi ni ya mfuo ulioliwa, kosa si la mchongaji. Zamani mashine nyingi zilikuwa na sindano ya ncha ya mviringo, nzito, iliyokaa sehemu moja ya kuta za mfuo na kuzisaga mwaka hadi mwaka. Nikafungua kidroo, nikatoa kichwa chenye sindano ya ncha nyembamba iliyochongoka pande mbili, ambayo huzigusa kuta mahali pengine. Nikapima uzito wake, gramu 1.8, nikarekebisha kimo cha mkono, nikaishusha palepale.

Mpasuko haukuisha wote, lakini robo tatu ulitoweka. Nyuma ya sauti ile kikatokea kitu ambacho kwenye nakala mpya sikukisikia hivyo: piano ya Richard Wright ikiwa na mbao zake, na pumzi ya mwimbaji kabla hajapanda tena.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa mtu anayeanza leo, asiye na nakala ya zamani iliyotunzwa, toleo la 2016 ni santuri nzuri na asitafute zaidi. Kwa kuchongwa, ya Moss bado iko mbele, na naiweka mbele bila kusita. Ila inadai sindano inayoistahili, na nakala nyingi za umri ule zimesagwa kupita ile ya papa, hazitaokolewa na sindano yoyote.

Papa alitaka tusikilize upande wa kwanza tena, wote, bila kuongea. Tukasikiliza. Sindano ilipofika kwenye ule ukanda mtupu wenye HTM, aliirudisha santuri yake kwenye jalada lililochanika pembeni, akaniuliza sindano ile ni dola ngapi.