Maana ya "mahitaji stahiki" katika msaada kwa maeneo ya ng'ambo

Kwa kawaida serikali inapopanga msaada wa maendeleo hutazama ni wapi fedha zake zitapunguza umaskini zaidi. Uingereza hutumia kipimo tofauti kwa maeneo yake ya ng'ambo (maeneo ya mbali yaliyo chini ya mamlaka yake) yanayohitaji msaada, kama Saint Helena, Montserrat na Pitcairn. Wakazi wa maeneo hayo ni raia wake, na sera inasema kwamba mahitaji yao stahiki, yaani huduma kama afya, elimu na usafiri wa kuwafikia, yatangulie katika fungu la misaada. Sheria ya Maendeleo ya Kimataifa ya mwaka 2002 nayo haikuyabana maeneo hayo kwa sharti la kupunguza umaskini. Hivyo wajibu wa kutoa umekwisha kukubaliwa. Kinachopimwa ni kiasi, njia, na muda ambao eneo litaendelea kutegemea ruzuku.

Uzito wa upimaji huo ulionekana Saint Helena, kisiwa cha watu wapatao 4,000 katika Atlantiki ya Kusini, ambako Waingereza waliwahi kumpeleka uhamishoni Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Kisiwa kilitegemea meli moja ya ruzuku, mwendo wa siku tano kutoka Cape Town. Meli ilipozeeka, serikali ilipaswa kuchagua kati ya kununua nyingine na kujenga uwanja wa ndege, kwa matumaini kwamba watalii wangeleta mapato na ruzuku ingepungua. Ilichagua uwanja, kwa pauni milioni 285.5.

Wakosoaji waliigawa fedha hiyo kwa idadi ya wakazi, wakapata zaidi ya pauni 60,000 kwa kila mtu. Naiona hesabu hiyo kuwa pungufu, kwa kuwa inaacha ruzuku ya meli ambayo ingelipwa miaka nenda miaka rudi, na inamsahau mgonjwa mahututi anayesubiri meli irudi. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika makadirio. Faida ilikadiriwa kwa kutarajia karibu wageni 30,000 kwa mwaka ifikapo 2042, lakini mwaka 2016 ilibainika kwamba upepo hubadilika ghafla kwenye njia ya kutua, kiasi kwamba ndege iliyokusudiwa isingetua kwa usalama. Safari za abiria zilianza Oktoba 2017 kwa ndege ndogo zaidi, mara moja kwa wiki, ambayo isingeweza kubeba idadi hiyo hata kama watalii wangejitokeza. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma ilikuwa imekwisha kuikosoa wizara husika Desemba 2016 kwa kutolibaini tatizo hilo mapema, na ruzuku kutoka London imeendelea kuibeba bajeti ya kisiwa.