Bakombozi wa Kampala na kura za 1980

Baba yangu mdogo alikuwa mgambo. Mwishoni mwa 1978 alichukuliwa kijijini, akafundishwa bunduki kwa wiki chache, na Aprili 1979 akaingia Kampala kwa miguu. Alikuwa hasimulii sana mambo ya mizinga, ile ya "saba saba" ambayo Waganda wanaitaja mpaka leo. Alichopenda kusimulia ni watu waliojaa barabarani wakiwashangilia: "Bakombozi! Bakombozi!" Kwa raia wengi wa Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari anayegonga mlango usiku, lakini siku hiyo, alisema, hata vikongwe walijaribu maneno mawili matatu.

Kila alipomaliza hadithi hiyo alikuwa na swali lake. "Sasa niambie wewe uliyesoma. Tuliwaondolea nduli Amin. Mbona wakaanza tena kuuana?"

Nafundisha historia ya siasa za eneo hili kwa miaka mingi sasa, na wanafunzi wananiletea swali lile lile wakiwa na Iraki au Libya kichwani. Je, jeshi la nje linaweza kuiletea demokrasia nchi iliyogawanyika? Mimi huwarudisha Uganda, kwa sababu huko mwenye jeshi la nje tulikuwa sisi Watanzania, na ni vigumu kusema tulikwenda kutafuta mafuta.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Mwalimu hakutangaza vita vya demokrasia. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni lake, na hotuba ile ya Novemba, ya uwezo, sababu na nia, ilihusu kumpiga mvamizi. Kumng'oa Amin kulikuja baadaye, vita vilipokwisha kuvuka mpaka. Na nchi iliyokuwa ikipeleka wakombozi ilikuwa ya chama kimoja. CCM ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na vyama vingi tungevisubiri mpaka 1992. Mkunga wa uchaguzi wa vyama vingi Uganda alikuwa hajawahi kuzaa mwenyewe. Nalisema hili bila kejeli, maana lilikuwa na matokeo yake.

Hata hivyo, anayedhani Tanzania ilikwenda bila mpango hajasoma habari za Moshi. Mwishoni mwa Machi 1979, kabla Kampala haijaanguka, makundi zaidi ya 20 ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliitwa Moshi. Walikuwapo wasomi, wafuasi wa ufalme, wakomunisti, Wakatoliki wa chama cha DP, watu wa UPC, chama cha Milton Obote. Obote mwenyewe, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, alishauriwa na Mwalimu asije, kwa kuwa jina lake peke yake lingewafukuza Wabaganda; hawakuwa wamesahau Mei 1966, alipopeleka jeshi (likiongozwa na Amin huyo huyo) kulivamia kasri la Kabaka, mfalme wao, pale Mengo. Ukazaliwa umoja wa UNLF, na Profesa Yusuf Lule, mtu mpole wa chuo kikuu, akawekwa mbele. Kukawa na baraza la mashauriano la kumdhibiti. Kwa karatasi, mambo yalikuwa mazuri kuliko ya Wamarekani kule Baghdad mwaka 2003, ambako Bremer, mtawala waliyemweka, alilivunja jeshi zima kwa amri moja bila kujua nani angeshika silaha kesho yake.

Lakini Kampala nako swali hilo hilo la silaha ndilo lililoharibu kila kitu.

Jeshi la Amin lilisambaratika na polisi wakatoweka. Ilibidi pawe na jeshi jipya, UNLA, na mbegu yake ilikuwa vikundi viwili vya wapiganaji waliokuja nyuma ya jeshi letu, JWTZ. Kimoja ni Kikosi Maalum cha watu wa Obote, chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok. Kingine ni Fronasa ya kijana mmoja aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Yoweri Museveni. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba Museveni alianza na wapiganaji kama 80 na kikosi cha Obote kilikuwa na 600 hivi. Mwaka mmoja baadaye, cha Museveni kilikuwa na askari 8,000 na cha Obote 24,000.

Zisome tena tarakimu hizo. Hakukuwa na uandikishaji wa taifa. Kila mkubwa aliandikisha kwao, kwa lugha yao, kwa watu watakaomtii yeye. Acholi na Lango zilijaza upande mmoja, magharibi ikajaza mwingine, na Buganda, eneo lenye mji mkuu na wasomi wengi, ikabaki inatazama. Yote hayo yalifanyika wakati maelfu ya wanajeshi wetu wakiwa bado ndani ya Uganda, wakilinda barabara na majengo ya serikali. Sisi tulihesabu usalama wa mji. Wenzetu walikuwa wakihesabu vichwa vyao.

Nadhani hapa ndipo uchaguzi wa Desemba 1980 ulipoamuliwa, miezi mingi kabla ya karatasi za kura kuchapwa.

Tazama kilichofuata. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili na kuondolewa tarehe 20 Juni: siku 68. Baraza lilimng'oa kwa kuwa aliteua mawaziri bila kulishirikisha, na Kampala ikaandamana kwa kelele za "Twagala Lule", yaani tunamtaka Lule. Kisheria baraza lilikuwa na hoja. Ila mwandamanaji wa Kampala alichoona ni Mbaganda kaondolewa huku wanajeshi wa Tanzania wamesimama kando, na huyo Lule akapelekwa Dar es Salaam. Tangu siku hiyo, kwa watu wengi wa Buganda, mkombozi akawa ana upande.

Akaja Godfrey Binaisa. Huyu alipojaribu kumgusa Oyite-Ojok, Mei 1980, jeshi likamwondoa, na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, mtu wa Obote, ikachukua nchi, Museveni akiwa makamu. Safari hii Dar ilisema haiwezi kuingilia mambo ya ndani ya Waganda. Ni msimamo wa heshima. Lakini ukiwa na majeshi ndani ya mji, kutoingilia nako ni kuingilia. Mwenye bunduki nyingi anakusoma vizuri sana. Wiki hizo hizo Obote alirejea kupitia Bushenyi, akapokewa kwa shangwe.

Kura zenyewe nazipitia haraka kwa sababu hazikuwa na la kushangaza. Walikuja waangalizi wa Jumuiya ya Madola. Wagombea kadhaa wa UPC walipita bila kupingwa. DP walipoanza kushangilia, Muwanga akatoa amri kwamba yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kutangaza matokeo. UPC ikashinda. Museveni, aliyeshindwa hata jimboni kwake, akaingia msituni Februari 1981 na kushambulia kambi ya jeshi ya Kabamba. JWTZ iliondoka katikati ya mwaka huo, eneo la Luweero, kaskazini mwa Kampala, likiwa tayari linaanza kuwaka.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba mdogo lilikuwa hili, ingawa hakulipenda: mliondoa mtu, mkaacha mlango wa ghala la silaha wazi. Angeniuliza tungefanya nini, nami ningebabaika. Lule alitaka jeshi la uwiano wa watu, na wenye vikosi wakaona ni ujanja wa Wabaganda kujipa wingi. Tanzania ingeweza kukataa kulisha na kuvika askari yeyote asiyeandikishwa na baraza. Labda. Ingehitaji kukaa miaka, na hapa nyumbani tulikuwa tumeambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18, ambayo kila mtu wa rika la wazazi wangu anajua haikuisha.

Kuna wakati iliwezekana? Mfano ninaoupenda si Ujerumani wala Japani, ambako dola lilikuwapo na taifa halikuwa likigombania jina lake. Ni Anjouan, kimoja cha visiwa vya Komoro, Machi 2008. Mohamed Bacar alikuwa amejitangazia ushindi wa urais wa kisiwa na kuikaidi serikali ya Muungano wa Komoro. Askari wa Tanzania na Sudan, kwa idhini ya Umoja wa Afrika uliokuwa chini ya uenyekiti wa Rais Kikwete, walitua tarehe 25 wakiwa pamoja na jeshi la Komoro. Bacar akakimbilia Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa, na katikati ya mwaka kisiwa kikapiga kura. Tofauti na Kampala, hatukulazimika kuunda chochote. Wakomoro walikwisha kupatana wenyewe mwaka 2001 kwamba urais uzunguke visiwa vyote vitatu kwa zamu. Jeshi lililorudi kisiwani lilikuwa na mwenyewe.

Nilikuwa nikiutumia mfano huo darasani kwa majivuno kidogo, mpaka Julai 2018. Rais Azali Assoumani, wa kisiwa cha Ngazidja, aliitisha kura ya maoni iliyomruhusu kuendelea, na zamu ya Anjouan iliyokuwa ifike 2021 ikayeyuka. Oktoba vijana wenye silaha wakajifungia katika mji wa kale wa Mutsamudu, kule Anjouan, jeshi la Azali likawazingira kwa siku kadhaa. Hakuna meli ya majirani iliyoonekana baharini safari hiyo.