Waliokatwa ni dakika au ni watu?

Wapenzi wa bustani za burudani, zile zenye mashine za kupanda na shoo za jukwaani, ni watu wa kuhesabu. Wanajua shoo fulani ilikuwa na wachezaji wangapi mwaka ule na leo imebaki na wangapi, wimbo gani umetolewa, nani alikuwa akiruka kutokea upande gani wa jukwaa. Mimi nafundisha ngoma na upangaji wa maonyesho hapa Mbeya, na vijana wangu wamenasa kwenye ubishi huo kupitia video za simu. Bustani wanayoibishania iko Florida, Marekani. Hawajaikanyaga, lakini wanabishana mpaka mazoezi yanachelewa kuanza. Nimeona niandike, kwa sababu jambo lenyewe linatugusa hapa hapa kuliko wanavyodhani.

Shoo inayowagombanisha ni Festival of the Lion King, katika bustani ya Disney's Animal Kingdom. Bustani ilifunguliwa 22 Aprili 1998, na shoo hiyo ilikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 2014 ikahamishiwa ukumbi mpya upande wa Harambe, kijiji cha kuigiza kilichojengwa kwa sura ya miji ya Afrika Mashariki, vibao vya Kiswahili kila kona. Waimbaji wakuu wanne kwenye shoo wanaitwa Kiume, Nakawa, Kibibi na Zawadi. Vijana wangu walianza kuitazama kwa sababu ya hayo majina. Wakabaki kwa sababu ya wanasarakasi waliovaa kama nyani, wanaojulikana kwa jina la Tumble Monkeys, ambao huruka, hubembea na kupishana hewani kwa namna inayomfanya mtu asahau kupepesa.

Sasa ubishi. Machi 2020 bustani ilifungwa kwa sababu ya korona, ikafunguliwa tena Julai mwaka huo huo bila shoo hiyo. Shoo ilirudi Mei 2021 ikiwa imepunguzwa, na jina limeongezwa maneno mbele: A Celebration of Festival of the Lion King. Waimbaji walikuwepo. Wanasarakasi hawakuwepo. Walirudi Julai 2022, na jina la zamani likarudi pamoja nao.

Binti mmoja anayetoka Iringa anasema ile ya 2021 haikustahili hata kuitwa shoo. "Mwalimu, wale ndio walikuwa shoo yenyewe. Ukiwatoa umebakiza nyimbo ambazo kila mtu anazo kwenye simu." Mwenzake wa Tukuyu hamkubalii kabisa. "Dada, nusu shari kuliko shari kamili. Ulitaka wafunge moja kwa moja?" Wakanigeukia mimi niamue.

Mashabiki wengi husikitika kwa kipimo kimoja tu: shoo imebadilika au haijabadilika. Kipimo hicho hakitoshi. Shoo ya kila siku lazima ibadilike, maana watu wanazeeka, mavazi yanachakaa, sheria za usalama zinaongezwa, watazamaji wenyewe si wale wa juzi. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kitu gani kimekatwa. Je, ni dakika, ni mashine, au ni mtu? Hizo ni hasara tatu ambazo hazilingani hata kidogo, ingawa aliyekaa kwenye kiti huona tu kwamba kuna kitu kimepungua.

Tuanze na dakika. Katika bustani hiyo hiyo kulikuwa na shoo nyingine ya muziki, Finding Nemo – The Musical, iliyoanza Januari 2007 na kuchukua karibu dakika 40. Juni 2022 ilirudi na jina jipya, ikachukua kama dakika 25. Wapo waliolia kwamba wameibiwa. Mimi naielewa hesabu iliyofanyika, na naiheshimu.

Shoo ndani ya bustani ina kazi mbili. Ya kuburudisha kila mtu anaijua. Ya pili ni kupunguza foleni: watu 1,000 waliokaa ukumbini ni watu 1,000 ambao hawajasimama juani wakisubiri kupanda mashine. Chukua ukumbi wa mfano wenye viti 1,000, na tuseme kutoa watu na kuingiza wengine huchukua dakika 20. Shoo ya dakika 40 itapigwa mara moja kila saa, yaani mara 6 kwa saa 6, na watu 6,000 wataiona. Ifupishe hadi dakika 25: sasa inapigwa kila baada ya dakika 45, mara 8 kwa saa zile zile, na watu 8,000 wataiona. Halafu angalia upande wa mchezaji. Mara 6 za dakika 40 ni dakika 240 jukwaani. Mara 8 za dakika 25 ni dakika 200. Watazamaji wameongezeka elfu mbili na mchezaji amepumzishwa dakika 40 za kazi ngumu, ingawa atapasha mwili na kuvaa mara 8 badala ya 6. Mpangaji mwenye huruma anaweza kuikubali biashara hiyo bila kujilaumu. Hadithi ikibanwa vizuri, haikosi kitu cha maana.

Mashine pia tusiifanye adui. Mwaka 1963 Disneyland ya California ilifungua ukumbi wa ndege wa mashine wanaoimba, Enchanted Tiki Room, na watu bado wanaingia. Ndege wale walikuwa mashine tangu siku ya kwanza, hawakumfukuza mtu. Na kuna wakati mashine yenyewe ndiyo inayoondoka. Usiku wa 22 Aprili 2023, katika shoo ya Fantasmic! huko huko Disneyland, joka kubwa la mitambo lilishika moto likateketea mbele ya watazamaji. Shoo ilikaa zaidi ya mwaka bila kupigwa. Iliporudi Mei 2024 joka halikuwemo; mwisho wa hadithi ulipangwa upya, mapambano yakabebwa na waigizaji. Mashabiki wa joka waliumia, nami siwacheki, maana lilikuwa kazi kubwa ya ufundi. Ila mabadiliko yale yalimpeleka binadamu mbele, na kwangu hayo si hasara.

Ninapokosa usingizi ni pale anapokatwa mtu. Septemba 2020 kampuni ya Disney, yenye bustani hizi, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 28,000 katika shughuli zake za bustani Marekani, na mwezi uliofuata ikafahamika kwamba waigizaji 720, kati ya wapatao 780 wa Florida walio chini ya Actors' Equity, chama cha kutetea waigizaji, wamo kwenye hesabu hiyo. Soma tena namba hizo. Ukimwachisha kazi mwanasarakasi, unakuwa umeachisha pia miaka ya mwili kujua lini mwenzake anafika hewani. Mafunzo yale hayakai kabatini yakisubiri. Anayeitwa baada ya mwaka na zaidi anaanza karibu upya: misuli, woga, imani kwa aliyeko chini anayemdaka. Ndiyo maana waimbaji waliweza kurudi 2021 na wanasarakasi wakachukua mwaka mwingine. Ugonjwa wa kuambukiza kwa watu wanaoshikana mikono ulikuwa sababu ya kwanza, lakini hata ungeisha kesho yake, kundi la namna ile halikusanywi kwa wiki mbili.

Wachezaji wenyewe wamelielewa hilo. Mei 2024 waigizaji wa Disneyland wanaovaa sura za wahusika na wanaocheza kwenye maandamano walipiga kura kujiunga na Actors' Equity, 953 dhidi ya 258. Shabiki anayedai "shoo yetu ya zamani" angefaa kuzijua namba hizi kabla ya kuorodhesha nyimbo zilizotolewa.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni sababu iliyonifanya nisimame upande wa yule binti wa Iringa. Katika Festival of the Lion King watazamaji hukaa pande nne kuzunguka jukwaa, na kila upande hupewa mnyama wake: simba, tembo, twiga, ngiri. Kabla shoo haijapamba moto, kila upande hufundishwa kutoa sauti ya mnyama huyo. Asiye wa kazi hii ataona ni kuchangamsha watoto. Mimi naona mwimbaji anapima ukumbi. Upande wa twiga ukiwa umelala, anaurudia. Upande wa simba ukizidisha, anauacha kidogo, anageukia wengine. Ndani ya muda mfupi amejua leo anafanya kazi na watu wa aina gani. Rekodi haiwezi kufanya hivyo hata ikiwa safi namna gani, kwa sababu rekodi haioni.

Hapa ndipo mambo yanafika nyumbani. Mwenye hoteli mmoja wa huku Nyanda za Juu aliwahi kutuita tupokee wageni wake. Mwanzo tulikuwa wachezaji kumi na wawili na wapigaji wanne. Baadaye akaomba tupunguze: wachezaji sita, wapigaji hapana, muziki utoke kwenye flashi. Sababu zake zilikuwa za kweli. Ngoma kubwa haziingii kwenye gari dogo. Wapigaji wanne ni sahani nne na posho nne. Tena ngoma zinachelewesha: ukungu wa Tukuyu, mahali pasipokosa mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hulegeza ngozi mpaka sauti inakuwa kama ya debe lililofunikwa nguo. Lazima uwashe moto wa majani makavu, uigeuze ngoma polepole uso ukiangalia joto, uigonge kwa vidole, usikilize, uirudishe, uigonge tena. Ukiharakisha ngozi inapasuka. Wageni wameshashuka kwenye basi na wewe bado uko motoni.

Tukacheza na flashi. Tulikuwa tumejirekodi wenyewe, kwa hiyo sauti ilikuwa yetu. Katikati ya mchezo mama mmoja mtu mzima, mgeni katika msafara ule, akainuka akaingia kati kucheza. Hiyo kwetu ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, akiwepo anajua la kufanya: anainua filimbi, anawazuia wapigaji wasivuke kwenda mdundo wa mwisho, anaurudisha ule wa katikati mara nyingi kadiri mama anavyotaka, na akiona amechoka ndipo anafunga kwa kishindo ili mama aondoke akishangiliwa. Flashi ilifika mwisho wake ikanyamaza. Mama alikuwa ndiyo kwanza amepata mguu.

Mwenye hoteli hakuona tatizo. Dakika zilikuwa zile zile, mavazi yale yale, nyimbo zile zile. Kwa kipimo cha wapenda kuhesabu nyimbo, hakuna kilichobadilika.

Upande wa pili wapo wazee wetu ambao hawataki kipunguzwe chochote, hata ubeti mmoja. Nawapenda na nawasikiliza, lakini hapo siendi nao. Mganda unaochezwa mwambao wa Ziwa Nyasa, na mistari yake iliyonyooka na hatua za kijeshi, ni mtoto wa beni za wakati wa ukoloni. Waliouanzisha walitazama paredi za askari na bendi za tarumbeta wakatengeneza kitu chao. Wakati huo bila shaka wapo waliosema vijana wameharibu ngoma. Leo ndio tunaouita wa asili, na ni haki yetu kuuita hivyo. Sanaa iliyokwisha kubadilika kiasi hicho haitakufa kwa kufupishwa maingilio.

Kwa hiyo muda ukibana mimi naanza kukata kwenye maingilio marefu, maana mgeni wa mjini hajui kwamba yale ni sehemu ya mchezo, anadhani bado tunajipanga. Nafuata marudio ya beti. Idadi ya wachezaji naigusa kwa shingo upande, na kila ninayempunguza leo namweka kwenye zamu ya shoo inayofuata ili asipoteze posho wala mguu. Mapambo na spika vinaondoka bila mjadala. Wapigaji na manju hawaguswi. Naweza kubaki na ngoma tatu badala ya tano, ila watu wa kuzipiga lazima wawe hai, mbele ya wachezaji, wakiwatazama.

Yule kijana wa Tukuyu bado anashikilia kwamba 2021 ilikuwa sahihi kurudi na kilichokuwepo. Nami nakubali kwamba ilikuwa sahihi kurudi; waimbaji wale wanne walikuwa wakiutazama ukumbi. Kosa lingekuwa kuzoea, kusema kumbe watu wanakuja hata bila wanasarakasi, basi tuache hivyo. Mashabiki waliopiga kelele mwaka mzima walifanya kazi nzuri, hata pale walipokosea kutaja sababu.

Kwa maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale tumeombwa dakika kumi. Vijana walitaka tukatae, wadai ishirini. Nimekubali kumi. Sharti nililoandika kwenye makubaliano ni nafasi ya kuwasha moto nyuma ya jukwaa, nusu saa kabla ya zamu yetu, na mtu wa zimamoto awepo karibu kama wanahofia. Mratibu ameuliza kama hita ya umeme haitatosha. Nimemwomba aje mazoezini mapema asubuhi, alete hita yake, tuziweke ngoma mbili sambamba asikilize mwenyewe.