Kindle ama Kitabu cha Karatasi: Zenye Tunaambiwa na Zenye ni Kweli

Hii maneno ya Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, na vitabu vya karatasi imejaa stori nusu nusu, na inaniuma juu mtu anasave pesa miezi mingi, ananunua kifaa, alafu anafika nyumbani anapata vile vitabu alikuwa anataka kusoma havisomeki huko. Watu wanabishana gani ni noma kuliko ingine na hakuna mtu anauliza wewe unasoma nini, na hiyo ndio inaamua karibu kila kitu.

Tuanze na ya macho. Eti skrini ni skrini, Kindle itakuharibia usingizi kama simu. Hapana, hizi ni vitu tofauti. Ndani ya skrini ya Kindle ama Kobo, kifaa kama hicho cha kampuni ingine, kuna vidonge vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe, umeme ukipita chembe za rangi moja zinapanda juu na kuandika ukurasa, zikishajipanga zinatulia hapo bila kula umeme tena. Unasoma kwa mwanga wa nje vile unasoma gazeti, ukiwa Uhuru Park jua la saa saba ndio kwanza maandishi yanaonekana vizuri. Taa iko kwa model nyingi za siku hizi, ila hiyo inamulika ukurasa kutoka pembeni na unaweza kuizima. Na ule utafiti wa usingizi wenye hutajwa kila saa, wa Boston uliotoka mwisho wa 2014, ulikuwa na watu 12 na walikuwa wanasomea iPad, taa ikiwa juu kabisa, karibu saa 4 kabla ya kulala. Walichelewa kulala, ni kweli, lakini iPad si Kindle. Kama unasoma usiku kwa app ya Kindle kwa simu, basi hiyo shida ni yako pia, jina la app halibadilishi skrini.

Sasa ile inaumiza watu sana huku kwetu: "Nitatia PDF zangu zote huko nisome." Wacha nikuambie polepole. PDF ni ukurasa umegandishwa. Ukurasa wa A4 kona kwa kona ni inchi 14 na kitu, Kindle ya kawaida ni inchi 6, hata Paperwhite ya 2024 ni inchi 7. Kwa hivyo ukurasa mzima unafinywa uingie hapo, herufi zinakuwa ndogo mpaka unasogeza kifaa puani, ukivuta ikuwe kubwa unaona nusu ya mstari, unasukuma kulia, skrini inafikiria kwanza, inameta nyeusi, inarudi, umeshasahau sentensi ilianza wapi. Na PDF nyingi za riwaya za Kiswahili zenye zinazunguka kwa Telegram ni picha zimepigwa na simu, kivuli cha kidole kiko hapo pembeni, ukurasa umeinama, maneno ya karibu na mshono yamemezwa. Hiyo ni picha, si maandishi, so hata ukibonyeza kuongeza fonti hakuna kitu inafanyika. Na nyingi ni za wizi, mwandishi ameketi akaandika miaka na hapati hata bob, hiyo lazima isemwe.

Yenye inafaa ni faili ya EPUB, hiyo maandishi yanajipanga upya kulingana na skrini na fonti yenye umechagua. Kobo inafungua moja kwa moja, Kindle unaituma kupitia Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili kwa kifaa chako, inageuzwa. Kwa hivyo kabla utoe pesa, andika vitabu kumi vyenye unataka kusoma mwaka huu alafu utafute kama viko kwa EPUB ama kwa duka la Amazon. Kama nusu ni riwaya na tamthilia za Kiswahili za wachapishaji wa hapa, utapata ni vichache sana viko, na hiyo pesa afadhali uende nayo Text Book Centre ama upitie wale wa inama pale tao, wenye huuza vitabu vya mtumba wamevitandaza chini.

Eti ukinunua kitabu cha Kindle ni chako. Si chako, ni leseni ya kukisoma. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Shamba la Wanyama, kutoka kwa Kindle za watu wenye walikuwa wamelipa, kwa sababu mwenye aliziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Watu walirudishiwa pesa, lakini kuna mwanafunzi huko Marekani alienda kortini juu notsi zake zilibaki zikining'inia bila kitabu. Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu 2019, Julai vikapotea vyote, pesa ikarudishwa. Alafu Februari 2025 Amazon ikaondoa ile njia ya kushusha kitabu kwa kompyuta na kukihamisha kwa kebo. Kitabu cha karatasi umenunua inama hakuna mtu anakuja nyumbani kukichukua, unamwachia dadako, anampea jirani, kinarudi na jina la mwanafunzi wa 1998 kwa biro kwa ukurasa wa kwanza na majibu ya maswali yote ya sura ya tatu.

Bei nayo? "Kindle itakuokolea pesa." Inategemea. Ukisoma vitabu vya zamani vyenye hakimiliki imeisha, maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg iko na zaidi ya 70,000 bure, halali kabisa, na hapo Kindle inajilipa haraka. Ukitaka vitabu vipya utalipa kwa dola, ingawa siku hizi M-Pesa GlobalPay imerahisisha, huhitaji kadi ya benki. Chenye kinadanganya watu ni zile video za YouTube za mtu anaazima vitabu bure kwa Libby, app ya kuazima vitabu vya maktaba, anasomea Kindle. Hiyo kwa Kindle inafanya na maktaba za Marekani peke yake. Usinunue kifaa Nairobi kwa sababu ya huduma hautaifikia. Maktaba zetu ziko, McMillan iko Banda Street tangu 1931, na ni za karatasi.

Betri ya wiki kumi yenye hutangazwa: hiyo hesabu ni ya nusu saa kwa siku, waifai imezimwa, taa iko chini. Ni kama saa 35 za kusoma. Bado ni mingi sana na stima ikipotea wikendi nzima haikusumbui.

Na ile ya kusema kichwa hakishiki ukisoma kwa mashine, hapo kuna ukweli nusu. Uchambuzi wa 2018 ulikusanya tafiti 54 ukapata karatasi inashinda skrini kwa maandishi ya kufundisha, hasa mtu akiwa anakimbizana na saa, lakini kwa hadithi hakuna tofauti. Mwaka uliofuata Anne Mangen wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, na wenzake walipea watu 50 hadithi moja ndefu, nusu kwa Kindle nusu kwa karatasi, karibu kila kitu kilitoka sawa, ila wa karatasi walikumbuka vizuri zaidi matukio yalifuatana vipi. Kwa hivyo mtoto wa kufanya KCSE mnunulie kitabu, na wewe wa kusoma riwaya kwa matatu ya Rongai jioni soma chenye uko nacho.

Watu husema pia Kindle ni ya kuringa. Mzazi wako mwenye ameacha kusoma kwa sababu herufi za vitabu zimekuwa ndogo, mwekee fonti kubwa kabisa uone kama ataiweka chini.

Ukiamua kununua ya mtumba huko tao, kabla ulipe mwambie muuzaji aitoe kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza ukiona, na uingie na yako hapo hapo dukani. Yenye iliripotiwa imepotea Amazon inaikataa, na ikikataa hautanunua kitabu kwayo wala kutumiwa EPUB.